Usiuze kitabu chako kwa butura: Hivi ndivyo mrabaha wa vitabu vya mtandaoni unavyohesabiwa

Ijumbi na Muleba nzima, butura haihitaji maelezo. Mkulima amebanwa na ada ya mtoto, anauza kahawa ikiwa bado mtini. Msimu ukifika, mavuno ni ya mwingine.

Waandishi nao wana butura yao: unauza mswada na haki zote kwa malipo ya mara moja. Kitabu kikija kutamba, wewe unabaki mtazamaji.

Njia nyingine ni mrabaha, yaani kila nakala ikiuzwa unapata asilimia yako. Ukichapisha mwenyewe Amazon kupitia huduma yake ya KDP, unachagua 35% au 70%. Sasa nani achague 35%? Subiri kwanza.

Bei ndiyo inaamua

Ili upate 70%, bei ya kitabu lazima iwe kati ya dola 2.99 na dola 9.99. Ukishuka au ukizidi hapo, ni 35%.

Angalia tofauti. Kitabu cha dola 2.50 kinakupa kama senti 88. Ukipandisha hadi dola 2.99, unaweza kupata karibu dola 2. Umeongeza senti 49 tu, pato limezidi mara mbili.

Picha nyingi zinakula hela

Kwenye 70% kuna makato ya kusafirisha faili. Kwa mauzo ya Marekani ni senti 15 kwa kila megabaiti, na yanatolewa kabla ya kugawana. Kitabu cha dola 2.99 chenye megabaiti 1 kinakuachia dola 1.99. Kikiwa na megabaiti 5, unabaki na dola 1.57. Kwenye 35% makato hayo hayapo. Kwa hiyo punguza ukubwa wa picha kabla ya kupakia.

Msomaji yuko wapi?

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Ile 70% inalipwa kwa wanunuzi wa nchi zilizo kwenye orodha ya Amazon tu, na Tanzania haimo. Ndugu yako aliyeko London akinunua, unapata 70%. Jirani wa Bukoba akinunua kitabu hichohicho, unapata 35%, yaani kama dola 1.05.

Kodi nayo ipo

Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Hivyo mrabaha wa mauzo ya Marekani unakatwa 30%. Ile dola 1.99 inabaki dola 1.39. Na pesa haiji leo: mauzo ya Januari hulipwa karibu na mwisho wa Machi.

Unauza pia WhatsApp?

Wengi wetu tunauza PDF kwa WhatsApp, mteja analipa kwa simu. Hapo hakuna wa kugawana naye, lakini nakala moja inaweza kusambaa kwenye magrupu bila wewe kupata kitu.

Ukitaka kufanya vyote viwili, kuwa makini na KDP Select. Ukijiunga, kwa siku 90 kitabu hicho cha kielektroniki hakiruhusiwi kuuzwa wala kugawiwa kwingine, WhatsApp ikiwemo. Bila kujiunga Select, uko huru.

Kabla hujabonyeza "chapisha"

Hakikisha mambo matatu: lugha ya kitabu chako inakubaliwa, njia ya malipo inafika kwenye akaunti yako, na jina la akaunti ya benki ni lako, si la "kijana anayejua kompyuta".

Ukichapisha KDP, hakimiliki inabaki yako. Kwa sheria ya Tanzania inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kitabu, kama shamba la kahawa, watoto wanaweza kukirithi. Ukikiuza kwa butura, hawatakuta kitu.