Kazaliwa Houston, Andikeni Houston

Nimelijibu swali hili mpaka nimechoka, na bado naletewa: "Wakili, mjukuu kazaliwa Marekani, mwakani anatimiza miaka 18. Tumtolee cheti cha kuzaliwa cha hapa Kwakoa asije akaupoteza Utanzania?"

Hapana. Anayewashauri hivyo, awe ndugu anayejuana na wakubwa au kishoka wa mjini Mwanga, anawala fedha na kumharibia mtoto. Mtoto huyo tayari ni Mtanzania. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa uraia wa kurithi kwa kuwa mzazi wake ni raia aliyezaliwa hapa. Tena cheti cha uongo hakiufuti uraia wa Marekani aliozaliwa nao, kwa hiyo tatizo la kutimiza miaka 18 akiwa na uraia wa nchi mbili liko palepale. Halafu pasipoti ya Marekani inaandika mahali pa kuzaliwa; ya Tanzania nayo inaandika. Siku ofisa wa Uhamiaji atakapoziweka mezani pamoja, moja inasema Texas, nyingine Kilimanjaro, atakayehojiwa si bibi aliyetoa fedha. Ni kijana mwenyewe, na hata haki yake ya kweli itatiliwa shaka.

Hata hoja ya "Babu yake kazikwa hapa" haisaidii. Mtoto anaruhusiwa uraia wa nchi mbili; mtu mzima haruhusiwi. Akitimiza 18 asiukane ule mwingine, wa Tanzania unamtoka, hata kama Chasu, lugha yetu Wapare, anakisema kuliko nyie. Kwangu sheria hii inamwonea kijana ambaye hakuchagua pa kuzaliwa, na nitaendelea kuipinga. Lakini haipingwi kwa karatasi ya kughushi.

Fanyeni hivi. Akifika 16 kaeni naye. Mwenye uamuzi ni yeye. Akiutaka Utanzania, aende ubalozi wetu mapema, na Umarekani ataukana mwenyewe mbele ya ofisa wa ubalozi wa Marekani, nje ya nchi hiyo. Akibaki Mmarekani, aulizie hadhi maalumu ya diaspora iliyopitishwa na Bunge mwaka 2025, hasa kama kuna shamba la kurithi, maana mgeni hamiliki ardhi kama raia. Aliyezaliwa Taveta au Voi na wazazi wote Watanzania hana cha kukana: Kenya haitoi uraia kwa kuzaliwa tu. Cheti chake cha Kenya msikichane. Kitunzeni pamoja na vyeti vya wazazi, aende navyo NIDA.