Mwana wa Gilgil na Fumbo la Selimundu

Kila muhula unapofungwa, wanafunzi wetu huabiri matatu kuelekea Nairobi. Wapitapo Ziwa Elementaita, wachache hugeuka kuwatazama heroe. Wala hakuna kitabu cha shule nilichowahi kukutana nacho kinachowaambia kwamba hapo Gilgil, katika shamba lililotazamana na ziwa hilo, alikulia mtu aliyeonyesha jinsi malaria ilivyoiandika upya damu ya mwanadamu.

Jina lake Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa Gilgil, mtoto wa mlowezi, akapelekwa shule Nairobi na hatimaye Oxford. Mwaka 1949 alirudi na msafara wa chuo hicho, akapima damu ya watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, katika baadhi ya jamii, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu, karibu hapakuwa na mtu. Aliyelelewa kwenye baridi ya Gilgil hangeshindwa kuuliza: huko chini kuna nini ambacho huku juu hakipo? Kuna mbu.

Mwaka 1953 alirejea kulihakiki wazo lake. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Miongoni mwa 43 waliobeba jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa 247 wasioibeba, 113. Kisha Waluo 30 waliojitolea wakaambukizwa malaria kwa makusudi: kati ya 15 wasio na jeni hiyo waliugua 14, kati ya 15 walio nayo wakaugua wawili. Matokeo yakachapishwa mwaka 1954. Jaribio la namna hiyo leo lisingepita mbele ya kamati ya maadili bila kuhojiwa vikali, nami hujiuliza walielezwa nini, na kwa lugha gani. Jina la Allison tunalo. Ya wale 30 hayatajwi habari hii inaposimuliwa.

Mimi ni mtu wa lugha, si wa maabara. Hata hivyo, jeni hainitishi, maana ni maandishi. Badilisha herufi moja tu na "baba" huwa "bata". Ndivyo kosa la herufi moja linavyoipinda seli ya damu hata ikafanana na mundu. Anayerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja hupata kinga. Anayelirithi kwa wote wawili hupata maumivu ya maisha.

Lakini neno si herufi tu. Kuna na wakati wa kulitamka. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana mzima, kwa kuwa tumboni alitumia jeni nyingine ya damu, ambayo hunyamazishwa polepole baada ya kuzaliwa. Ndipo, miezi kadhaa baadaye, vidole huvimba na kilio huanza. Watafiti waligundua kinachoinyamazisha jeni ile ya utotoni, wakapata njia ya kukizuia. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023. Bei yake inaiweka mbali mno na mzazi wa Nakuru.

Allison hakukwama kwenye selimundu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Nairobi kuongoza maabara ya utafiti wa maradhi ya mifugo, kisha huko California, pamoja na mkewe Elsie Eugui, akatengeneza dawa ya kuzituliza seli za kinga, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo. Hutumiwa pia dhidi ya lupasi, ugonjwa ambao kinga humgeukia mwenyewe. Alifariki mwaka 2014.

Muhula uliopita nilimtaka mwanafunzi mmoja, ambaye nduguye anaugua selimundu, anieleze ugonjwa huo kwa Kiswahili. Alikuwa amefaulu biolojia kwa alama ya juu, lakini alinyamaza. Juma lililofuata aliniletea ukurasa mmoja aliomwandikia nyanya yake. Neno "laana", alilolisikia nyumbani tangu utotoni, lilikuwa kwenye sentensi ya kwanza. Amelipiga mstari, na juu yake ameandika "urithi".