Mikono Iliyochimba Viazi: Michoro ya Vincent van Gogh na Fasili ya Uhalisia

Katika mihadhara ya nadharia ya fasihi, uhalisia hufasiliwa kwa kawaida kuwa ni kuyasawiri maisha kama yalivyo. Fasili hiyo inanyamazia swali la msingi: yalivyo machoni pa nani? Michoro ya wavuja jasho iliyofanywa Uholanzi na Vincent van Gogh kati ya 1882 na 1885 inalidhihirisha swali hilo, maana katika mchoro wa penseli au makaa kila uamuzi wa mkono huachwa ukionekana.

Mwaka 1882, mjini The Hague, van Gogh alizunguka mitaa ya maskini pamoja na George Hendrik Breitner, wote wawili wakichora. Alichora wazee wa makao ya hisani, vibarua wachimbaji, na umati uliokusanyika mbele ya ofisi ya bahati nasibu ya taifa. Kuhusu umati huo alimweleza nduguye Theo kwamba mwanzoni hakuuona kuwa na maana kubwa. Baadaye alitambua kuwa maskini wale walitumia senti za chakula kununua tumaini. Mwishoni mwa mwaka huo alikusudia kutoa litografia za bei nafuu, zipate kutundikwa katika nyumba za wafanyakazi wenyewe. Mpango haukutimia.

Kijijini Nuenen aliwachora wafumaji wakiwa kwenye vitanda vyao vya kufumia, kisha wakulima. Baada ya mazoezi mengi ya vichwa na mikono, mwaka 1885 alikamilisha *Walaji Viazi*. Litografia ya kazi hiyo, aliyoichora juu ya jiwe kwa kumbukumbu, ilimfikia rafiki yake Anthon van Rappard, naye akaikosoa vikali kwa kasoro za viungo. Van Gogh alishikilia kwamba mikono inayochukua viazi sahanini ndiyo iliyovichimba ardhini, na haina budi kuonekana hivyo. Urafiki wao haukupona.

Kwa vipimo vya maumbile, van Rappard hakukosea. Hapo ndipo ugumu ulipo: fasili ya “kama yalivyo” inampa ushindi yeye, na kuitilia shaka mojawapo ya kazi za kihalisia zilizo bayana zaidi za karne ya 19. Napendekeza kamusi zetu za istilahi, chini ya kidahizo *uhalisia*, zitaje pia usawiri wa hali zinazoyaunda maisha, ikiwamo kazi na umaskini, hata pale umbo linapokiuka vipimo.