Ruzuku ya Sola na Bei ya Stima Katangi

Aghalabu husemwa kuwa ruzuku ya umeme wa jua hushusha gharama ya stima. Kwa wakazi wa Katangi, eneo la Yatta katika kaunti ya Machakos, kauli hiyo yahitaji kufafanuliwa.

Mradi wa KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Machakos haimo. Ruzuku inayowafikia hasa ni msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani, ambao serikali iliuondoa mwaka wa 2020 na kuurejesha mwaka wa 2021. Msamaha huo hupunguza bei ya paneli dukani, si bei ya tokeni. Hufaidi mwenye fedha za kununua.

Utata upo kwenye gridi. Nguzo, nyaya na transfoma hugharimu vilevile hata matumizi yakipungua. Mwenye paa kubwa anapojizalishia umeme mchana, ununuzi wake kwa Kenya Power hupungua, ilhali usiku angali akizitegemea nyaya zile zile. Sehemu ya gharama aliyokuwa akiibeba huwaelemea waliosalia, wakiwemo wenye taa mbili na redio. Msamaha uliokusudiwa kuwafaa wanyonge waweza, kwa njia hii, kuwaongezea mzigo.

Aliye mbali na transfoma ana hesabu nyingine kabisa. Paneli yake hushindana na mafuta taa na ada ya kuchaji simu sokoni, wala haimpandishii jirani bei.