Je, Wajua? Kichwa Kimoja, Lugha Mbili

Je, wajua ukionyeshwa picha ya mbuzi, jina lake hukutoka mdomoni baada ya takriban sekunde 0.6 tu? Humo humo ubongo umeshamtambua mnyama, umechagua neno, umepanga sauti na kuuamrisha ulimi. Na wewe wa lugha mbili una majina mawili ya kuchagua!

Je, wajua lugha usiyoitumia hailali? Mwaka 1999, Michael Spivey na Viorica Marian wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwaagiza kwa Kirusi watu wanaojua pia Kiingereza wasogeze stempu, yaani “marku”. Macho yakawa yanachepukia kalamu ya maka, kwa kuwa jina lake la Kiingereza linaanza vivyo hivyo!

Shika na hii. Neno kukwama kwenye ncha ya ulimi huwapata zaidi wenye lugha mbili kuliko wenye lugha moja. Lakini kwenye majina ya watu wako sawa kabisa: Juma ni Juma kokote!

Je, wajua nomino na vitenzi havipiti njia moja kichwani? Wapo waliopata kiharusi wakabaki wanataja “nyundo” vizuri, ila “kupigilia” hakutoki; wengine kinyume chake. Na uchunguzi wa 2011 kwa wasemaji wa Kihispania na Kiingereza ulionyesha kwamba vitenzi vya lugha zote mbili huamsha sehemu zilezile za ubongo.

Hili utalikataa, lakini ni kweli! Watu walipotaja tarakimu huku wakibadili lugha, kurudi kwenye lugha wanayoimudu zaidi kuliwachelewesha kuliko kuingia ile dhaifu. Inaelekea lugha yenye nguvu hufungwa breki kwanza, na breki hiyo haiachii mara moja.

Umewahi kusema “nitakucall”? Basi tazama: kitenzi ni cha Kiingereza, lakini “ni”, “ta” na “ku” ni Kiswahili kitupu. Carol Myers-Scotton alichambua mazungumzo ya aina hiyo ya Nairobi katika kitabu chake cha 1993: lugha moja hujenga sentensi, nyingine huchangia maneno.

Na wanaojua lugha ya alama je? Hao hutamka na kuashiria kwa wakati mmoja! Wachanganyao lugha mbili za mdomo huazima zaidi nomino, ila hawa wa mikono, mara nyingi wanachoongezea ni kitenzi.

Je, wajua mtawa mmoja wa Rabat, Moroko, aliumia kichwa, akawa siku moja anazungumza Kiarabu na Kifaransa kimegoma, kesho yake kinyume? Ajabu zaidi, aliweza kutafsiri kuingia lugha ileile iliyokuwa imemgomea! Kisa chake kilichapishwa mwaka 1982.

Na karipio la utotoni? Waturuki wanaojua Kiingereza walipimwa mwaka 2003: ngozi ya vidole ilishtuka zaidi waliposikia makaripio ya utotoni kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza. Hebu jipime: ukijigonga kidole cha mguu kwenye stuli, ni lugha gani inayokutoka kwanza?