Rubani Akisema "Leo Haturuki"

Juma lililopita kwenye likelemba yetu, mwenzetu mmoja anayeuza vitenge alitusimulia jambo lililotunyamazisha. Miaka michache iliyopita, uwanja wetu wa ndege ukiwa bado wazi, alikuwa anaenda Beni kwenye matanga ya kaka yake. Mawingu yalikuwa yameshuka sana, na rubani akakataa kuruka. Abiria walipiga kelele, naye mama akiwa wa kwanza. "Nilimwita mwoga mbele ya watu," alisema. "Leo nikipita Mapendo, ninaona haya."

Wengi wetu tumewahi kupiga kelele kama hizo. Ndiyo maana juma hili tunazungumza juu ya marubani na hatari wanazokutana nazo, kwani hatari ya rubani wa Goma haibaki angani. Sisi tunaishi chini yake.

Mapendo hatujaisahau. Jumapili asubuhi, tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo iliyokuwa inaenda Beni iliangukia nyumba za watu mara tu baada ya kuruka. Watu zaidi ya 20 walikufa, na baadhi yao walikuwa nyumbani kwao. Kabla ya hapo, tarehe 15 Aprili 2008, ndege kubwa ilishindwa kupaa ikavuka mwisho wa uwanja na kuingia Birere, katikati ya maduka. Wengi wa waliokufa siku ile hawakuwa abiria.

Kwa nini hapa kwetu ni pagumu? Kwanza, uwanja uko ndani ya mji. Pili, Goma iko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Tatu, Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, ikawa fupi. Mama aliyewahi kusukuma chukudu yenye magunia ya viazi anaelewa: mzigo ukizidi na njia ikiwa fupi, chukudu haikusikilizi tena. Ndege ni vilevile.

Juu ya hayo kuna vita. Tarehe 5 Februari 2023, helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Beni ilipigwa risasi ikiwa angani. Askari mmoja wa Afrika Kusini alikufa na mwenzake akajeruhiwa, lakini helikopta ilifika Goma. Mwezi uleule, helikopta ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa nayo ilipigwa risasi, ikafanikiwa kutua hapa salama. Wale waliokuwa wanaiendesha nao wana mama zao, na pengine wana watoto waliokuwa wanawangojea mezani.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Siku hizi rubani hutegemea ishara za setilaiti kujua yuko wapi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwamba huku Kivu ya Kaskazini ishara hizo zimevurugwa wakati wa vita. Chombo kinaweza kumwonyesha rubani mahali ambapo hayupo. Fikirini jambo hilo ndani ya wingu, karibu na Nyiragongo yenye urefu wa karibu mita 3,470.

Tangu Januari 2025, vita ilipoingia mjini, uwanja wetu umefungwa. Anayetaka kupanda ndege huvuka mpaka na kufuata barabara mpaka Kigali. Lakini siku utakapofunguliwa, ndege zitapita tena juu ya mabati yetu. Tujiandae tangu sasa.

Sisi mama tunaweza kufanya nini?

Tuseme uzito wa kweli. Kilo 20 za sambaza zilizopitishwa kwa kujuana, bila kupimwa, rubani hana habari nazo. Watu kumi wakifanya hivyo, hesabu zake zote zimeharibika.

Tusifiche petroli, gesi wala viberiti ndani ya mzigo. Betri za akiba za simu zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaowekwa chini ya ndege. Zikishika moto huko, hakuna atakayeuona mapema.

Tusitupe takataka karibu na ua wa uwanja. Takataka huita ndege wa mwituni, na ndege mmoja akiingia kwenye injini anaweza kuizima. Watoto nao tuwakataze kupenya ule ua.

Ndege ikianguka, Mungu aepushe, tusiwaache watoto wakimbilie kutazama. Mafuta yanaweza kulipuka baadaye.

La mwisho ndilo kubwa. Sheria za kimataifa za usafiri wa anga zinampa kapiteni neno la mwisho. Lakini naye ni mtu. Kampuni ikimsukuma kwa sababu ya pesa, na abiria wakimtukana kwa sababu ya haraka, atabaki na nani? Akisema "leo haturuki", sisi tuwe wa kwanza kukaa chini na kuwanyamazisha wengine. Matanga yanauma, na harusi haingoji. Lakini anayekataa kuruka anayaona mawingu ambayo sisi hatuyaoni.

Mwenzetu wa vitenge aliondoka kesho yake, jua likiwa limetoka. Alikuta kaka yake amekwisha kuzikwa. "Nililia kaburini," alituambia. "Niliumia sana. Lakini nilifika, na watoto wangu walinipokea niliporudi."

Katika kikao kijacho, kila kikundi kisome makala haya pamoja, na vijana wetu wanaosafiri wawepo.