Misuli Inapokosa Nguvu na Ngozi Kubadilika



Mtu akilalamika kwamba mwili hauna nguvu, wengi wetu hufikiria kwanza malaria, upungufu wa damu, kazi nyingi au uzee. Mara nyingi tunafikiri sawa. Lakini upo udhaifu wa namna nyingine, ambao huja polepole kwa majuma au miezi, na una alama zake. Mgonjwa anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Chooni anachuchumaa, kisha hawezi kusimama. Ndoo ya maji aliyokuwa akijitwisha peke yake sasa haiinuki kupita kiuno. Mama hawezi kushikilia mikono juu asuke nywele za binti yake, wala kuanika nguo kwenye kamba. Na cha kushangaza, vidole vyake bado vina nguvu: anachambua mchele, anashona, anaandika. Nyumbani watu wakiona hivyo husema anajifanya. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, na miezi inapita.

Mwezi huu tuzungumzie ugonjwa unaoleta udhaifu wa namna hiyo. Madaktari huuita dematomayositisi, yaani misuli na ngozi kuvimba pamoja. Ukishika misuli peke yake huitwa polimayositisi. Si ugonjwa wa kawaida. Katika watu 100,000 wanaoupata ni wachache tu, na wanawake huupata karibu mara mbili kuliko wanaume. Watoto nao huupata. Tunauandikia kwa sababu ukitambuliwa mapema una dawa, na ukichelewa huacha kilema au huua, tena mara nyingi si kwa misuli yenyewe bali kwa mambo yanayofuatana nayo.

UNATOKANA NA NINI?

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea adui, wakaishambulia misuli ya mwenye mwili na mishipa midogo ya damu inayoilisha. Misuli ya nyonga, mapaja, mabega na shingo ndiyo huumia zaidi. Hauambukizi: mgonjwa anaweza kula nanyi sahani moja na kumbeba mtoto bila hofu.

Kwenye ngozi, dalili kubwa ni mabaka juu ya kope, mara nyingi pamoja na uvimbe kuzunguka macho, na vijipele bapa juu ya vifundo vya vidole, viwiko na magoti. Wengine hupata mabaka kifuani, mabegani na juu ya mgongo, mahali ambapo kanga ingekaa ukijitanda, nayo huwasha sana. Vitabu vingi viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, hivyo husema rangi ni nyekundu au zambarau. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu. Utaona weusi uliozidi, au rangi ya kijivu au zambarau iliyofifia, na pengine mabaka meupe na meusi yaliyochanganyika. Ni rahisi kudhani ni fangasi au mzio wa sabuni. Uvimbe wa macho nao hudhaniwa ni figo.

Msifikiri basi kila udhaifu ni ugonjwa huu. Kiharusi hushika upande mmoja, tena ghafla. Jipu la ndani ya msuli, ambalo katika nchi za joto si geni, huanza mahali pamoja, mara nyingi pajani, kwa homa na maumivu makali, na dawa yake ni kupasuliwa na kupewa viuavijasumu. Tezi ya shingo, upungufu wa potasiamu, virusi vya UKIMWI na baadhi ya dawa, kwa mfano zile za kushusha lehemu, vinaweza pia kudhoofisha misuli. Na mtoto akilegea mguu au mkono ghafla, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, maana lazima achunguzwe kama ni polio.

Hospitalini damu hupimwa kimeng'enya kiitwacho kreatini kinase, ambacho humwagika katika damu misuli inapoharibika. Hapa pana mtego mmoja. Vimeng'enya viwili tunavyovipima kila siku kuangalia ini hutoka pia katika misuli. Mgonjwa anaweza kuambiwa ana ini, akakatazwa mafuta na kunyweshwa mitishamba mwaka mzima, kumbe ini lake ni zima. Kama majibu ya ini ni mabaya na mgonjwa hawezi kuinuka kitini, ombeni apimwe na misuli. Hospitali kubwa hukata pia kipande kidogo cha msuli na kukitazama kwa darubini.

MAPAFU NA KOO

Katika ugonjwa huu mapafu huua kuliko misuli. Kwa baadhi ya wagonjwa askari walewale huyashambulia, yakawa magumu kama sifongo iliyokauka. Dalili ni kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi hata kwa mwendo mfupi. Kwetu jambo la kwanza linalokuja akilini ni kifua kikuu, na ni halali kukipima. Lakini makohozi yakionekana safi na dawa za kifua kikuu zisisaidie, fikirini tena.

Utafiti umesaidia sana hapa. Mwaka 1980 watafiti waliandika juu ya kingamwili moja waliyoiita Jo-1, na ikaja kuonekana kwamba wenye nayo mara nyingi huugua misuli, mapafu na viungo pamoja, na ngozi ya kando ya vidole vyao hukauka na kupasuka kama ya fundi magari. Mwaka 2005 madaktari wa Japani walieleza kingamwili nyingine, ambayo leo huitwa MDA5. Wenye hiyo wanaweza kuwa na mabaka ya ngozi huku misuli haijadhoofika hata kidogo, lakini mapafu yao yakaharibika kwa majuma machache tu. Mwaka 2020 madaktari wa Japani walitoa matokeo ya kuwapa wagonjwa wa namna hii dawa tatu kali kwa pamoja tangu mwanzo, badala ya kuongeza moja baada ya nyingine. Baada ya miezi 6 waliobaki hai walikuwa asilimia 89. Kati ya wagonjwa wa zamani waliotibiwa kwa kupanda ngazi polepole, walikuwa asilimia 33. Kulinganisha na wagonjwa wa zamani si sawa na kupiga kura nani apate dawa ipi, maana matunzo mengine nayo huwa yamebadilika. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Misuli ya koo nayo hulegea. Chakula kikikwama, maji yakirudi kwa puani, au sauti ikianza kutokea puani, hiyo ni hatari, kwa sababu chakula huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Mlisheni mgonjwa akiwa ameketi wima, tonge dogo dogo, uji mzito badala ya maji matupu, na asizungumzishwe anapomeza. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Kumlisha mgonjwa amelala chali kwa huruma ni kumdhuru.

SARATANI ILIYOJIFICHA

Tangu mwaka 1916 madaktari wa Ujerumani waliona kwamba baadhi ya wagonjwa hawa wana saratani pia. Kwa miaka mingi haikujulikana kama ni bahati mbaya tu. Jibu zuri lilitoka nchi za kaskazini ya Ulaya, kwa sababu huko kila mtu ana namba yake, na daftari la wagonjwa wa hospitali linaweza kulinganishwa na daftari la saratani la nchi nzima. Mwaka 2001 ilichapishwa hesabu ya pamoja ya Uswidi, Denmark na Ufini. Katika wagonjwa 618 wa dematomayositisi, 198 walikuwa na saratani. Tusiisome namba hiyo haraka: wengine walikuwa na saratani kabla ya ugonjwa wa misuli, na ambao iligunduliwa baadaye ni 115. Ukiwalinganisha na watu wengine wa nchi hizo, hatari yao ilikuwa mara 3. Kwa wenye polimayositisi iliongezeka kidogo tu. Saratani zilizoonekana zaidi ni za ovari, mapafu, kongosho, tumbo na utumbo mpana, na mwaka wa kwanza ndio ulikuwa na hatari kubwa kuliko yote.

Maana yake kwa familia ni hii: mtu mzima akiambiwa ana dematomayositisi, msishangae daktari akimtuma kupimwa matiti, mlango wa kizazi, tumbo kwa picha ya mawimbi, na kifua kwa eksirei, hata kama halalamiki maumivu huko. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo wa nani apimwe nini, kwa kuangalia umri, dalili na kingamwili za damu. Kwa watoto jambo hili ni tofauti. Dematomayositisi ya utotoni haiambatani na saratani namna hii, kwa hiyo wazazi wasiogope bure. Shida ya watoto ni nyingine, chokaa kujijenga chini ya ngozi kama vijiwe vigumu, hasa matibabu yakichelewa.

DAWA ZIMEPIMWAJE?

Kabla ya dawa za jamii ya predinisoloni, katika watoto waliougua theluthi moja walikufa, theluthi moja walibaki na kilema kikubwa, na theluthi moja tu walipona. Dawa hizo zilibadilisha mambo kabisa, lakini kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu hulemaza kwa namna yake. Ndiyo sababu utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ni wa maana. Watoto 139 kutoka nchi 22 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa predinisoni peke yake, wengine pamoja na siklosporini, wengine pamoja na methotreksati. Baada ya miezi 6 waliopata nafuu walikuwa asilimia 51 kwa dawa moja, asilimia 70 kwa siklosporini, na asilimia 72 kwa methotreksati. Siklosporini ilileta madhara mengi zaidi, hivyo methotreksati ikapendekezwa. Nafurahi kwamba iliyoshinda ndiyo ya bei nafuu. Si mara nyingi tunasikia habari ya namna hiyo.

Ya bei kubwa nayo ipo. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti juu ya watu wazima 95, ambao baadhi yao walipewa kwa dripu kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya wachangiaji wengi. Baada ya majuma 16, asilimia 79 ya waliopewa walipata nafuu, na asilimia 44 ya waliopewa maji yasiyo na dawa. Wachache walipata damu kuganda ndani ya mishipa. Kwa familia nyingi gharama yake haifikiki.

Kwa hiyo turudi kwenye vidonge mlivyo navyo mkononi. Predinisoloni isikatizwe ghafla hata mgonjwa akijisikia mzima. Mwili husahau kutengeneza homoni yake, na kuacha ghafla kunaweza kumwangusha. Daktari ndiye huipunguza kidogo kidogo. Dawa hiyo hupandisha sukari na shinikizo la damu, hulegeza mifupa, na huamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa hiyo kikohozi kipya, homa, au kiu na mkojo mwingi viripotiwe mara. Chumvi ipunguzwe. Na tafadhali msiinunue dukani kwa sababu jirani alinenepa nayo. Ule si unene wa afya.

Methotreksati, kwa ugonjwa huu, humezwa MARA MOJA KWA JUMA. Narudia: mara moja kwa juma, si kila siku. Wapo watu duniani waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa kukosea. Chagueni siku moja, muiandike kwa kalamu kwenye pakiti, na mtu mmoja nyumbani awe na jukumu la kuitoa. Pamoja nayo hutolewa vidonge vya foliki, kwa siku atakazotaja daktari. Mjamzito asiimeze kabisa, na mama anayetaka kuzaa aseme mapema.

Jua huzidisha mabaka, kwa hiyo kofia pana, mikono mirefu na mwavuli ni sehemu ya dawa.

MAZOEZI

Zamani wagonjwa hawa waliambiwa walale tu, kwa hofu kwamba mazoezi yataiwasha misuli zaidi. Mwaka 1999 watafiti wa Uswidi, akiwamo mtaalamu wa mazoezi ya viungo Helene Alexanderson, walitoa matokeo ya kuwapa wagonjwa waliotulia mazoezi ya nyumbani, siku 5 kwa juma, kwa majuma 12. Nguvu iliongezeka, na vipimo vya misuli havikuonyesha kwamba ugonjwa umeamka. Tafiti zilizofuata zilikubaliana nao.

Hayahitaji vifaa. Anze kwa kuinuka kwenye kiti kirefu chenye mikono, mara chache asubuhi na jioni, na kiti kishushwe kadiri nguvu inavyorudi. Ainue mikono ukutani kama anayepaka chokaa, kwanza bila kitu, baadaye akiwa ameshika chupa ndogo ya maji. Atembee mpaka kwa jirani na kurudi, umbali ukiongezwa kila juma. Akichoka apumzike, akiamka kesho yake akiwa dhaifu kuliko jana, apunguze na amweleze daktari siku ya kliniki. Ugonjwa ukiwa mkali mwanzoni, mtu wa nyumbani amkunje na kumnyoosha viungo polepole kila siku ili visikakamae, na mazoezi ya nguvu yasubiri mpaka daktari aseme.